Sekunde Arobaini na Moja

Maungamo yalikuwa mazuri mno, na hilo ndilo lililomkera Inspekta.

Karatasi moja, mwandiko ulionyooka, sahihi chini. "Mimi ndiye niliyefuta orodha ya utafutaji ya benki ya damu, Jumanne saa nne asubuhi, kwa mkono wangu, nikiwa kwenye kompyuta yangu, kwa uzembe wangu. Hakuna mwingine anayehusika." Basi. Katika miaka ishirini na sita ya kazi alikuwa amesoma maungamo ya kila aina, na watu wanaokiri kweli hujitetea hata wakikiri: nilikuwa na njaa, shetani alinipitia, yeye ndiye aliyeanza. Huyu hakujitetea hata kidogo. Na ile sentensi ya mwisho, nani alimwuliza?

Ilikuwa saa nane mchana, siku ya nne ya uchunguzi, na goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu asubuhi. Saa kumi gari lingekuja kumchukua aliyekiri, asomewe shtaka la kusababisha kifo kwa uzembe. Mwanasheria alishamwambia ajiandae kwa miaka mitano hadi saba. Bosi wa Inspekta naye alikuwa amepiga simu mara mbili. "Mtu amekiri kwa hiari yake. Wewe unatafuta nini tena huko?" Swali la haki kabisa. Alichokuwa nacho ni hiyo sentensi ya mwisho, iliyokuwa ikimwasha kama nguo ya sufi.

Tukio lenyewe halikuwa na fumbo. Benki ya damu ya hospitali ilikuwa na majina ya wachangia damu elfu themanini na ushei. Majina yalikaa kwenye hifadhi, na juu yake kulikuwa na seva ya utafutaji: unaandika kundi la damu na mtaa, inakuletea watu kabla hujameza mate. Jumanne saa nne seva hiyo ikabaki tupu. Majina yapo, lakini hakuna wa kusema lipi liko wapi, sawa na duka la dawa lililobanduliwa lebo zote. Kuipanga upya kulichukua saa tatu. Wodini kulikuwa na mzazi, mwalimu wa shule ya msingi, anavuja damu, na damu yake ni ya kundi ambalo wenye nalo mji mzima hawajazi chumba kimoja. Alifariki saa sita na nusu. Mtoto alipona.

"Inspekta, mimi nilishasema," alisema mkuu wa idara ya kompyuta. Wafanyakazi walimwita Mzee Kiyoyozi, kwa sababu mashine ya baridi ilikuwa juu ya kiti chake na yeye alishinda chini yake amevaa sweta, kisha analalamika mafua. "Tulikosana naye juu ya likizo. Aliomba wiki mbili, nikamnyima. Mtu akinuna anaweza kufanya lolote."

"Alinuna?"

"Huyo utamjulia wapi? Ndiyo maana tunamwita Kimya."

"Likizo alitaka ya nini?"

"Sikumwuliza."

Inspekta alikuwa ameshauliza. Ilikuwa ya kupaka nyumba rangi. Alilifuta jambo la likizo kwenye daftari lake kwa mstari mmoja, maana watu huwanunia wakubwa wao kila siku na dunia inaendelea.

"Nisomee tena ile saa nne," alisema.

"Tumeshaisoma."

"Wewe umeisoma. Mimi nilisomewa mstari mmoja."

Mzee Kiyoyozi alivuta pumzi, akateremsha kumbukumbu za seva kwenye skrini kwa kidole kimoja. "Saa nne na sekunde tisa, wameongezwa wachangia damu watatu. Sekunde ya kumi, wametafutwa, wamepatikana. Sekunde ya kumi na moja, vyote vimefutwa. Umeridhika?"

"Hao watatu ni akina nani?"

"Wapi?"

"Hapo. Walioongezwa."

Alisogeza miwani. "Mtu Mmoja," alisoma. "Mtu Wawili. Mtu Watatu."

"Hayo ndiyo majina yao?"

"Ni ya kubuni. Ya majaribio."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Mzee mwenzangu, mtu anayetaka kuteketeza ghala huanza kwa kuingiza magunia matatu? Na akaongeza, akatafuta, akafuta, yote kwa sekunde mbili? Mimi kuandika jina langu tu kwenye hivi vitu vyenu ni dakika nzima."

Mzee Kiyoyozi alirudisha macho kwenye skrini.

"Amri ilitoka kompyuta ipi?"

"Punda," alisema, sauti imeshuka.

"Si ya Kimya?"

"Si ya Kimya."

"Ulikuwa umeyaona haya?"

"Niliona pale palipoandikwa vimefutwa, nikaishia hapo." Alijikuna shingo. "Kesho yake mtu akakiri. Sikuona sababu ya kurudi nyuma."

Inspekta hakumkaripia. Yeye mwenyewe alikaa siku tatu bila kuuliza, na hilo lilimuuma kuliko goti.

Punda ilikuwa kompyuta ya pembeni, kwenye meza isiyo na mwenyewe, imewekwa pale kubeba kazi ambazo wengine hawataki. Feni yake ilinguruma bila kupumzika. Mzee Kiyoyozi alieleza kwamba kila saa, dakika ya kwanza kabisa, Punda huendesha majaribio bila kuguswa na mtu, kuhakikisha kwamba programu ya utafutaji haijaharibika baada ya marekebisho ya mafundi.

"Na majaribio hayo yanaigusa seva ya kweli?"

"Astaghafiru. Hayaigusi hata kwa bahati mbaya. Majaribio yanajiwashia seva yao ya muda. Kitaalamu ni kwamba…"

"Nionyeshe tu. Usinifundishe, nimechoka. Nitaelewa kwa macho."

Alivuta kiti, akanyoosha mguu, akashika saa yake ya mkononi. Mzee Kiyoyozi alibonyeza, akawa anasimulia mistari inavyopita. Programu imeunda folda ya muda. Programu imewasha seva mpya ya utafutaji ndani ya folda hiyo. Imeipa mlango, namba tisa elfu na mia mbili, wa kupokelea maombi. Sasa inaiuliza kama iko tayari. Bado. Inauliza tena. Bado. Inauliza tena. Inspekta alihesabu arobaini na moja kabla ya seva kuitika. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio: wachangia damu watatu wa kubuni wakaingizwa, wakatafutwa, wakapatikana, kila kitu kikafutwa, seva ikazimwa, folda ikatupwa. Ikatokea alama ya kijani.

"Sekunde hamsini na mbili," alisema Inspekta. "Inazaliwa, inafanya kazi, inakufa, inazikwa, na dakika haijaisha."

"Ndiyo maana ikaitwa ya muda."

"Afadhali yake. Kila saa inachukua hivyo hivyo?"

"Inaweza kuzidi moja au kupungua moja."

"Nipe ya Jumanne."

Orodha ilikuwa fupi. Saa moja, hamsini na mbili, kijani. Saa mbili, hamsini na moja, kijani. Saa tatu, hamsini na mbili, kijani. Saa nne, kumi na moja, kijani. Saa tano, hamsini na mbili, kijani.

"Kijani kila mahali," alisema Mzee Kiyoyozi, na kwa mazoea sauti yake ilikuwa na fahari. "Majaribio yalifaulu."

"Nimeona. Niambie sekunde arobaini na moja za saa nne zilikwenda wapi."

Alitazama orodha. Akatazama tena. Kisha Mzee Kiyoyozi akafanya jambo ambalo Inspekta hakuwa amemwona akilifanya kwa siku nne: akavua sweta.

"Seva ya muda haikuwashwa," alisema.

"Kwa nini isiwashwe?"

Mzee Kiyoyozi alifungua programu yenyewe, akashuka mpaka katikati, akaelekeza kidole bila kusoma. Inspekta ilibidi asimame na goti lake. Mstari ulisema, kwa lugha yao ya mafundi, kwamba kama mlango tisa elfu na mia mbili tayari una seva inayoitika, isiwashwe nyingine, itumike hiyo hiyo. Pembeni mwandishi alikuwa ameacha maelezo kwa Kiswahili: tusipoteze muda.

"Nani aliandika?"

"Mimi. Miaka sita iliyopita. Punda ya zamani ilikuwa inachukua dakika tatu kuwaka, Inspekta. Dakika tatu, kila ukijaribu kitu kidogo. Kama fundi ameshaiwasha mwenyewe, kuna haja gani ya kusubiri tena? Sote tulishangilia."

"Haraka zenu hizo. Kwa hiyo Jumanne saa nne mlangoni kulikuwa na seva nyingine inaitika."

"Ndiyo."

"Ipi?"

"Kwa kumbukumbu hizi, ni ya kweli." Alifuta uso kwa ile sweta. "Mtu alikuwa ametoboa njia. Ukurasa wa kutafutia watu ukiganda, unaweza kuunganisha mlango wa Punda moja kwa moja na seva ya kweli, ukatafuta kwa mkono. Imekatazwa kwa maandishi. Watu wanafanya. Ukimaliza unaifunga. Akisahau kuifunga, au saa ikigonga hajamaliza…"

"Majaribio yanaingia kwenye nyumba ya watu yakidhani ni kibanda chao."

"Na yakimaliza yanafagia," alisema Mzee Kiyoyozi. "Ndivyo nilivyoyafundisha."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro robo. Inspekta alimwomba amtafutie vitu viwili: njia ilitobolewa saa ngapi, na iliulizwa nini. Jibu la kwanza lilikuwa saa nne kasoro dakika nane. Nani, Punda haikujua, kwa sababu kila mtu aliingia kwa neno la siri moja. Jibu la pili Mzee Kiyoyozi alilisoma polepole. Kabla ya saa nne, maswali sita, yote ya kundi lile adimu. Mtaa wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Wa tatu jina la mtaa limekosewa herufi, limerudiwa. Swali la sita liliulizwa saa nne kasoro sekunde ishirini, likaleta mtu mmoja.

"Huyu hakuwa anaharibu," alisema Inspekta. "Alikuwa anamtafutia yule mwalimu damu."

Aliinua kibodi ya Punda. Hakutegemea kitu, ni tabia tu ya kazi, lakini karatasi ilikuwapo, imebandikwa kwa gundi ya plastiki: hatua tatu za kutoboa njia, na ya nne, ukimaliza funga. Mwandiko ulionyooka. Alitoa yale maungamo mkobani akayaweka kando yake. Mkono ulikuwa mmoja. Fundi haandiki vikumbusho vya kazi aliyozaliwa nayo, huviandika kwa ajili ya mtu mwingine.

"Hapa ofisini nani kazi yake ni kutafuta wachangia damu na kuwapigia?"

Mzee Kiyoyozi aliinamisha kichwa. "Dada wa Simu. Mke wa Kimya."

Inspekta alimwachia karatasi nne nyeupe. "Yote uliyonieleza, kuanzia Punda ya zamani. Utie sahihi."

"Nitafukuzwa?"

"Sijui. Mimi si mwajiri wako."

Kimya, aliyeletwa asubuhi kutoka kituoni kwa mahojiano, alikuwa amefungiwa stoo ya vifaa vya ofisi, katikati ya maboksi ya wino, konstebo mlangoni. Wenye ofisi walikuwa wameona hapo ni pazuri kusubiri gari. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, shati lake la nyumbani limepigwa pasi vizuri. Mkewe alimletea nguo kituoni kila asubuhi, akaziacha kaunta, akaondoka bila kuuliza hali yake. Siku ya pili alimwambia Inspekta waziwazi: "Nguo nampelekea kwa sababu ni mume wangu. Neno sina. Ameua."

"Shikamoo, mama," alisema Kimya Inspekta alipoingia.

"Marahaba. Kaa, kaa, usisimame." Naye alikaa juu ya boksi. "Mtu Wawili ulimwongeza wewe?"

Kimya alimtazama.

"Nimehesabu sekunde, mwanangu. Nimeona na karatasi chini ya kibodi. Uligundua lini?"

"Mama, maungamo si yapo?"

"Yapo. Mazuri sana. Ungejitetea kidogo tu, ningeyaamini nikaenda kulala."

Kimya aligeukia maboksi. "Jumatano," alisema. "Nilisoma kumbukumbu zote, mstari kwa mstari. Nikaangalia muda wa majaribio. Nikajua. Mimi ndiye niliyemfundisha kutoboa. Kwa hiyo si uongo sana."

"Ni uongo. Umeandika, 'kwa mkono wangu.'"

"Yeye hajui. Anadhani ni mimi nilikosea amri. Usimwambie, mama. Nakuomba. Mimi miaka saba nitaimaliza."

"Na yeye aikae hiyo saba akikuchukia?"

"Afadhali."

Inspekta alihisi uchovu mpaka kwenye mifupa. Alikuwa amewahi kuombwa asiwaambie wake za watu mambo mengi, lakini halikuwamo la namna hii. Kwenye faili hakukuwa na mhalifu tena. Kulikuwa na mstari wa miaka sita iliyopita, ukurasa ulioganda, na mwanamke aliyekuwa akihangaika kuokoa maisha. Hakimu angeona hivyo hivyo. Lakini faili lisingeweza kuandikwa na tundu katikati, na likishaandikwa, litasomwa kwa sauti mbele ya kila mtu.

"Atayasikia mahakamani au atayasikia hapa," alisema. "Mimi nachagua hapa." Akamtuma konstebo.

Dada wa Simu aliingia na kifaa cha simu bado kinaning'inia shingoni. Alisimama mbali na mumewe kadiri stoo ilivyoruhusu, na macho yake yakawa kwa Inspekta tu.

"Jumanne kabla ya saa nne ulikuwa wapi, dada?"

"Kwa Punda." Hakusita hata kidogo. "Ukurasa umeganda, daktari ananipigia kila dakika, anasema dada fanya haraka, mtu anaondoka. Nikatoboa njia. Najua imekatazwa, niandikie tu."

"Ulipata mtu?"

"Mmoja. Mtaa wa nyuma ya hospitali, Inspekta, angekuja kwa miguu." Sauti ilianza kukwaruza. "Nimeshika simu, nasoma namba yake kwenye skrini, nimebakiza tarakimu nne. Nikabonyeza chini nizione, pakawa patupu. Nikadhani nimekosea mimi. Nikaandika tena jina la mtaa. Patupu." Alimwelekeza mumewe kwa kidevu bila kumtazama. "Kumbe bwana huyu ndiye aliyekuwa anafuta."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nne. Saa nne kamili, maana redio ya mlinzi ilikuwa inaanza taarifa ya habari."

"Njia ulikuwa umeifunga?"

"Ningeifungaje na mimi bado…"

Alikuwa amefanya kazi ofisi ile miaka tisa. Feni ya Punda ilisikika hata stoo, na kila saa ikigonga ilinguruma zaidi, wote walishaizoea, wenyewe husema Punda anapanda kilima. Inspekta aliona midomo yake ikihesabu kitu. Hakumsaidia, wala hakumharakisha.

"Majaribio," alisema yule mwanamke.



Aligeuka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akamtazama mumewe usoni. "Ulijua lini?"

"Siku uliyonifukuza chumbani."

"Nimekuita muuaji mbele ya mama yako."

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza."

Kimya aliangalia mikono yake. Alipozungumza, yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema kwa Inspekta kwa siku nne. "Usiku wa Jumanne hukulala. Ulikuwa unarudia zile tarakimu ulizowahi kusoma, ukizikosea unaanza upya. Nilipogundua, nikasema moyoni, huyu akijua hatapona. Akinichukia mimi atapona. Chuki inaisha, mke wangu. Hili ningekuachia ulibebe na nani?"

Dada wa Simu aliteleza na ukuta mpaka chini, akakaa sakafuni karibu na miguu yake. Hakulia kwa sauti. Mumewe aliteremka kwenye kiti akakaa naye, na mabega yao yakagusana.

Nje gari lilipiga honi. Konstebo alichungulia. "Afande, wamefika. Wanauliza mtu wao."

"Waambie warudi. Hakuna wa kuchukuliwa. Nitakuja mwenyewe na faili."

Aliyachana yale maungamo vipande viwili, vinne, vinane, akavitia mfukoni, maana hata takataka za kesi zina taratibu zake. Alikuwa ameshika kitasa aliposikia sauti ya Dada wa Simu nyuma yake, ndogo, iliyotulia kuliko alivyotaka.

"Mama, nipe na mimi karatasi niandike."

Mkobani zilikuwamo karibu nusu ya bunda.

"Zimeisha," alisema Inspekta.